Itifaki Imezingatiwa: Mhadhara Mkuu juu ya Chgrp

Mheshimiwa mwenyekiti wa kamati ya harusi, mheshimiwa katibu, shangazi yangu mhazini, shikamoo, bwana mshereheshaji, wajumbe wote, majirani mlioletwa hapa na harufu ya sambusa, na wewe binti wa katibu uliyekaa nyuma karibu na soketi umekumbatia laptopu: itifaki imezingatiwa.

Naomba nijitambulishe mwenyewe, kwa kuwa aliyepangiwa kazi hiyo amesema hana la kusema. Mimi ni Bingwa wa Terminali, Mlezi wa Mstari wa Amri na Mhadhiri Mwandamizi wa Umiliki wa Makundi. Vyeo hivi sikupewa na mtu. Nilijitunuku, sebuleni kwangu, katika hafla fupi iliyohudhuriwa na paka, na paka hakupinga. Mwongozo wa amri ya chgrp nimeusoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa macho. Mwenye sifa kupita hizo anyooshe mkono. Binti, shusha mkono, nilikuwa natania.

Ajenda ya leo, kama alivyoiandika katibu, ina mstari mmoja: kwa nini faili la michango halifunguki? Mtu wa kawaida angelijibu hilo kwa dakika mbili. Mimi nimeomba saa mbili, maana elimu haipimwi kwa kibaba. Nasikia pia wengine wananong'ona: kwa nini natumia ubao na chaki ilhali kompyuta ya kamati iko pale mezani, imewashwa na inapepea. Wahadhiri wakubwa hutumia ubao. Tuendelee.

Tuanze na jina. Chgrp. Herufi tano, irabu hakuna hata moja. Kiswahili ni lugha yenye adabu. Hakikubali konsonanti tano zisongamane mlangoni kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni. Kila moja ipewe irabu yake, ikae. Kwa heshima ya mababu mimi huitamka "chigirupu", na naomba muhtasari wa kikao uandikwe hivyo hivyo. Kazi yake ni kubadilisha kundi la faili. Mwenye faili habadiliki, yaliyomo hayaguswi. Kinachobadilika ni watu gani wanahesabiwa kuwa jamaa wa faili hilo.

Mtauliza, hao waliolitunga jina walikuwa wanakimbilia wapi hata wakaacha irabu njiani? Unix, mfumo uliotuzalia amri hii, ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell, Murray Hill, jimbo la New Jersey, Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Wakati huo hawakuwa na vioo kama hivi vyenu. Walikuwa wakipiga mashine kama Teletype Model 33, iliyochapa herufi 10 kwa sekunde juu ya karatasi, kwa kelele za cherehani mbovu, na kitufe chake kilitaka kidole cha mtu aliyezoea jembe. Ukishinda kutwa kwenye mashine ya namna hiyo, irabu unaanza kuziona anasa. Thompson mwenyewe aliwahi kuulizwa angebadilisha nini kama angeitengeneza Unix upya, akajibu kwamba ule wito wa mfumo uitwao creat angeuandika na e mwishoni. Basi, hayo tu. Swali hilo ningeulizwa mimi ningejibu kwa kurasa arobaini.

Sasa naandika ubaoni. Bwana mshereheshaji, punguza muziki kidogo.

-rw-r----- 1 mhadhiri mhadhiri 48213 Mei 12 09:14 michango.ods

Huu ndio mstari unaoupata ukiandika ls -l. Wengi huutazama kama wanavyotazama risiti ya umeme: wanaona namba, wanaona tarehe, wanaikunja na kuitia mfukoni. Kaeni nao. Kile kistari cha kwanza kinasema hili ni faili la kawaida; ingekuwa d, tungekuwa tunatazama folda. Zinafuata alama tisa, tatu tatu. Tatu za kwanza ni za mwenye mali: anasoma, anaandika. Tatu za kati ni za kundi: wanasoma, basi. Tatu za mwisho ni za walimwengu, yaani kila mwenye akaunti kwenye kompyuta hii asiyekuwa mwenye mali wala jamaa: kistari, kistari, kistari. Hawana chao.

Nyumba za pwani zilijua mpango huu kabla Thompson hajazaliwa. Mpita njia anaishia barazani, anapewa kahawa na habari za mjini. Jamaa anaingia hadi ukumbini. Chumbani ni mwenyewe. Na kompyuta, kama bawabu mwenye dharau, humuuliza kila ajaye maswali kwa mpangilio huo huo na husimama kwenye jibu la kwanza. Ukiwa wewe ndiye mwenye mali, unapimwa kwa alama za mwenye mali peke yake. Hata kama kundi lako lina ruhusa kubwa kuliko uliyojiwekea mwenyewe, haikusaidii. Nimewahi kuona mtu amejifungia nje ya faili lake huku jamaa zake wanalisoma na kucheka.

Baada ya alama hizo na ile namba 1, tazameni majina mawili: mhadhiri, mhadhiri. La kwanza ni la mwenye mali, ambaye ni mimi. La pili ni la kundi, ambalo nalo ni mimi. Chaki haikuteleza. Kwenye Debian, Ubuntu na Fedora, matoleo ya Linux, kila mtumiaji anapoandikishwa hutengenezewa kundi lenye jina lake, na mwanachama wake ni yeye tu. Katika kundi hilo mimi ni mwenyekiti, katibu, mhazini na wanachama wote. Akidi inatimia nikiamka. Ni kundi zuri, halina fitina. Ila shangazi yangu hayumo.

Hapo jibu la ajenda limeshatoka, na mngekuwa watu wa kuridhika upesi tungefunga kwa dua. Shangazi anaingia kwenye kompyuta kwa jina la mhazini. Bawabu anauliza: wewe ndiye mhadhiri? Siye. Umo katika kundi la mhadhiri? Hayumo. Basi wewe ni mlimwengu, na walimwengu wana vistari vitatu. Mhazini wa kamati, aliyekusanya michango hiyo kwa mkono wake, nyumba kwa nyumba, jua la saa saba, amesimamishwa barazani kama muuza maandazi.

Juzi aliniuliza jikoni kwake, kwa upole, "Mwanangu, hilo faili umelifungia?" Nikamwambia, "Shangazi, hili ni suala la kitaalamu." Akasema, "Haya baba," akaendelea kukuna nazi. Ile "haya baba" ndiyo iliyonifanya nikodi ubao huu.

Je, makundi yanaandikwa wapi? Kuna daftari liitwalo /etc/group. Kila kundi lina mstari wake, na mstari una sehemu nne zilizotengwa kwa nukta mbili. La kwetu liko hivi:

kamati:x:1002:mwenyekiti,katibu,mhazini,mshereheshaji

Jina la kundi, kisha x, inayosema kwamba neno la siri la kundi, kama lipo, limetunzwa kwingine, na karibu makundi yote hayana, kisha namba, kisha wanachama, kwa mkato bila nafasi. Nini tena, binti? Unasema jina langu hulioni hapo? Chaki imekatika. Tuendelee.

Namba ndiyo roho ya mhadhara huu, na hapa naomba hata wanaokula sambusa watafune kwa kunyamaza. Jina la kundi ni pambo. Faili lenyewe, kule kwenye diski, halijui neno "kamati". Linabeba 1002 tu. Ni ls ndiyo inayokimbilia daftarini kuuliza 1002 ni nani, kisha inarudi na jina ili msiogope. Andika ls -n uone ukweli bila poda. Kwa hiyo ukiichomoa diski hii ukaichomeka kwenye kompyuta ya ofisini kwako, ambako 1002 ni kundi la wahasibu, basi wahasibu hao wataamka asubuhi wakiwa ndugu wa bibi harusi. Na kundi likifutwa, mafaili yake hayafi nalo. Yanabaki na namba tupu, kama mtoto aliyepotea sokoni akiulizwa kwao anataja idadi ya ngazi. Amri ya find / -nogroup huwakusanya mayatima hao, na mara ya kwanza kuiendesha kwenye seva ya zamani utashangaa ukoo ulivyo mkubwa.

Kwenye Debian na watoto wake, namba za chini ni za wazee waliotangulia. Kundi la sudo, ambalo wanachama wake huruhusiwa kutenda kwa mamlaka ya root, mtawala wa mfumo mzima, ni 27. Kundi la seva ya wavuti, www-data, ni 33. Kundi la michezo ni 60, na lipo hata kwenye seva ambayo haitacheza mchezo wowote maishani mwake. Kundi la video, linalohusika na vifaa kama kamera, ni 44. Likumbukeni hilo la 44. Sina sababu maalumu.

Basi, amri yenyewe:

chgrp kamati michango.ods

Kwanza kundi, kisha faili. Ukikosea kuandika jina la kundi itakwambia halipo. Ukipatia, haisemi kitu. Mstari unaofuata unakuja mtupu, kioo kinakutazama. Vijana huliona hilo kuwa kosa, wanairudia amri mara nne kama mtu anayebonyeza lifti. Ukimya wa Unix ndiyo hongera yake. Mwenye moyo mwepesi aongeze -v, atasimuliwa kila kilichotendeka. Wapo pia wanaoandika chown :kamati michango.ods, nukta mbili ikitangulia jina la kundi, na matokeo ni yale yale. Hao ni watu wazuri, wameamua tu kupitia mlango wa uani. Na kuna --reference, ambayo hulipa faili kundi sawa na la faili jingine unalolitaja. Anayeitumia hiyo ni mtu aliyesahau jina la kundi na hataki ijulikane. Mimi huitumia sana.

Nani anaruhusiwa kubadilisha kundi? Root anaruhusiwa lolote, tusimzungumzie. Mtumiaji wa kawaida ana masharti mawili. Faili liwe lake, na kundi analolipelekea awe yeye mwenyewe ni mwanachama wake. Kukosa moja ni kukosa yote. Sharti la pili huwakera watu: mali ni yangu, kwa nini nisimpe nimtakaye? Fikirini kidogo. Penye kompyuta ya watu wengi, diski hugawanywa kwa mgao, na makundi nayo huweza kuwa na mgao wao. Ingekuwa kila mtu anaruhusiwa kulibandika faili lake kwenye kundi lolote, angejaza takataka zake kwa jina la wengine, kisha akakaa barazani kulaumu wezi. Kwa hiyo mwenye mali asiye mwanachama hurudishwa na neno moja kavu: hairuhusiwi. Faili ni lake. Anaweza kulisoma, kuliandika, kulifuta kabisa kama folda nayo ni yake. Ila kuwakabidhi watu anaotaka kuwakabidhi, hawezi. Limemganda mkononi.

Samahani, naomba maji.

Uanachama nao una hila yake. Zamani mtu alikuwa na kundi moja kwa wakati. Akitaka jingine anaandika newgrp, anavua kofia hii na kuvaa ile. Ni 4.2BSD, mfumo uliotoka Berkeley mwaka 1983, ndio uliomruhusu mtu kuvaa kofia kadhaa kwa pamoja. Linux ilikomea kofia 32 hadi mwaka 2004, toleo la 2.6.4 lilipopandisha kikomo hadi 65536, idadi ambayo hata mama zetu wa vikoba hawajaifikia. Lakini sikilizeni hila yenyewe: kofia hugawiwa mlangoni, wakati wa kuingia. Ukiandikwa daftarini saa nne asubuhi ilhali uliingia kwenye kompyuta saa mbili, hadi utoke na kuingia tena wewe ni mjumbe wa karatasi tu. Ukiandika id peke yake, kompyuta inakusomea kofia ulizovaa sasa hivi. Ukiandika id na jina lako, inasoma daftari. Majibu hayo mawili yakitofautiana, usimwite fundi. Toka, uingie tena.

Mwenyekiti ananipa karatasi. Imeandikwa "fupisha". Ahsante mwenyekiti, nitafupisha kwa kuongeza kasi.

Kubadilisha kundi la faili moja moja, kila shangazi akihifadhi jipya, ni kutwanga maji kinuni. Mwenye akili huishughulikia folda. Unaipa folda ya /srv/harusi kundi la kamati, kisha kwa chmod, amri ya kubadilisha ruhusa, unaiwekea g+s. Ile x ya kundi inageuka s, na kuanzia hapo kila faili litakalozaliwa ndani ya folda hiyo linarithi kundi la folda, awe amelizaa nani. Ni kama watoto wa mtaa mmoja wanaolelewa na mtaa. Watu wengi huishia hapo wakapongezana, kumbe umask yao, kipimo cha ruhusa za mafaili mapya, ni 022, ambayo hulinyima kundi ruhusa ya kuandika. Basi jamaa wote wanalisoma faili na hakuna wa kulirekebisha. Iwe 002.

Na kuna tundu jingine ambalo sijaona mtu akilisema kwa sauti, hivyo nitalisema mimi. Faili lililozaliwa mahali pengine likahamishiwa kwenye folda hiyo kwa mv, ndani ya diski ile ile, huja na kundi lake la zamani. Limehama, halikuzaliwa hapo. Lakini ukilinakili kwa cp, nakala ni mtoto mpya, anarithi. Kwa hiyo watu wawili wanaweka mafaili mawili kwenye folda moja siku moja, la mmoja linafunguka na la mwingine halifunguki, wanaanza kushukiana uchawi. Tofauti ni herufi mbili.

Sasa nawaletea kisa. Kinamhusu rafiki yangu mmoja, mtu wa rika langu, wa kimo changu, tunavaa viatu vya namba ile ile. Huyu bwana alipewa kazi ya kuiweka folda yote ya harusi mikononi mwa kamati, pamoja na kila kilichomo. Kwa kazi hiyo kuna -R, inayoshuka folda kwa folda hadi mwisho wa mizizi. Akaandika, usiku, huku akizungumza na simu:

sudo chgrp -R kamati / srv/harusi

Mmeiona? Kati ya mkwaju na srv kuna nafasi. Nafasi moja, upana wa punje ya mchele. Kwa kompyuta hapo pametajwa vitu viwili: kimoja ni srv/harusi, ambacho hakipo pale aliposimama, na kingine ni mkwaju peke yake, yaani shina la mfumo mzima. Amri ya rm ya GNU ikitakiwa ifute shina na vyote vilivyo chini yake, hugoma. Chgrp haigomi, hadi uwe umeiambia --preserve-root, na rafiki yangu hakuwahi kuona sababu ya kuiambia hivyo. Kioo kikakaa kimya. Rafiki yangu akafurahi, akajua kazi kubwa inafanyika. Na ilikuwa inafanyika kweli.

Kila faili la kompyuta ile likawa la kamati ya harusi. Kuna faili liitwalo /etc/shadow, ambamo maneno ya siri ya watumiaji wote hutunzwa yakiwa yamesagwa. Kwa kawaida kundi lake ni shadow, na jamaa wa kundi wanaruhusiwa kulisoma. Kwa dakika chache za usiku ule, aliyeruhusiwa kulisoma alikuwa mshereheshaji. Bwana mshereheshaji, usinitazame hivyo, hukuwa unajua.

Hilo si kubwa. Kubwa ni sudo yenyewe. Sudo ni programu ambayo mtu wa kawaida akiiendesha, inasimama kwa mamlaka ya root, na mamlaka hayo inayapata kwa alama moja ndogo iitwayo setuid. Alama hiyo ni wazo la Dennis Ritchie, na ilipewa hataza nchini Marekani mwaka 1979, namba 4135240. Linux, kwa busara, programu ikibadilishwa umiliki au kundi, huifuta alama hiyo papo hapo, isije ikampa mgeni funguo za mwenyeji. Kwa hiyo chgrp ilipofika kwenye /usr/bin/sudo ikaibadilisha kundi, na alama ikapukutika. Ikafika kwenye su, vivyo hivyo. Rafiki yangu alipogundua na kuandika sudo ili arekebishe, sudo ikamjibu kwamba haina setuid, haiwezi kumsaidia. Mlango umejifunga, ufunguo uko ndani, na fundi wa kufuli naye yuko ndani. Mkwaju ule ulimchapa kuliko wowote aliowahi kuchapwa shule ya msingi.

Aliyeiokoa kompyuta ni binti pale nyuma, aliyekuja na flashi akaisimika Debian upya hadi saa saba usiku. Rafiki yangu alimshikia tochi. Asubuhi rafiki yangu akayarudisha mafaili ya kamati kutoka kwenye flashi yake mwenyewe. Na flashi nyingi hupangwa kwa FAT32 au exFAT, ambazo hazina mahali pa kuandika mmiliki wala kundi. Yakanakiliwa yote, salama, yakiwa mali ya aliyeyanakili na kundi lake la mtu mmoja. Kisha kwa usalama akayawekea 640, yaani zile rw-r----- za ubaoni.

Mwenyekiti anauliza kwa nini tusiandike chmod 777 tukaenda kula. Mheshimiwa, kwa heshima zote: hiyo ni kung'oa mlango kwa sababu ufunguo umepotea. Faili hili lina majina ya waliotoa na kiasi walichotoa. Mimi nimeliona. Kuna mtu katika chumba hiki aliyeahidi kwa kipaza sauti na hadi leo mstari wake una sifuri. Mnataka walimwengu wasome? Naona wawili wametikisa kichwa haraka sana.

Tumebakiwa na dawa moja, ile ya ubaoni: chgrp kamati michango.ods, kisha chmod g+w ili shangazi asome na aandike. Na sasa mnaulizana kwa nini sisogei pale mezani kuiandika.

Wiki iliyopita nilitaka mhadhara huu urekodiwe, kwa faida ya vizazi. Kamera inaonekana kama /dev/video0, na kundi lake ni video, lile la 44. Nikajiandikisha kundini. Nikaandika, kwa mkono huu:

sudo usermod -G video mhadhiri

Usermod yenye -G haiongezi. Inachukua orodha uliyoitaja na kuifanya ndiyo orodha nzima. Makundi mengine yote ya nyongeza yanafutwa. Ili iongeze lazima itanguliwe na a, iwe -aG. Mwongozo unasema hivyo waziwazi, na usermod si chgrp, ule sikuusoma hata mara moja. Nilipotoka na kuingia tena, nilikuwa na kundi langu la mtu mmoja na kundi la video. La 27 limeondoka. La 1002 limeondoka. Faili la michango ni langu, nalilinda kama mboni ya jicho, na siwezi kulikabidhi kwa kamati kwa sababu mimi si mwanachama wa kundi la kamati. Sharti la pili. Kamera inafanya kazi vizuri sana. Inaninasa hivi sasa.

Binti, wewe bado umo kwenye 27. Najua ukisogea hapo mezani unaweza kuandika sudo chgrp mwenyewe, yakaisha kwa sekunde tatu. Lakini shangazi yupo, na harusi ni Jumamosi. Nirudishe kundini, nitoke, niingie tena, nilikabidhi faili kwa mkono wangu naye akiona. Andika: sudo usermod -aG sudo,kamati mhadhiri. Unasema kamati tu, sudo hapana? Haya mama. Kamati tu. Ile a usiisahau.